Kutazama India na Pakistan Ukiwa Dubai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo Watanzania, Wakenya, Waganda na jamaa wengine wanaoongea Kiswahili huku Imarati huulizana kila India na Pakistan zinapopangwa kucheza kriketi. Anayejibu ni mtu anayeupenda mchezo huu kwa dhati, na anataka na wewe uufaidi ukiwa katikati ya watu, siyo peke yako kitandani na simu usoni. Kama kriketi unaijua tayari, ruka sehemu ya kwanza.

## Mambo ya msingi

Kriketi si mchezo wetu. Kwa nini nijisumbue?

Kwa sababu siku hiyo mji unabadilika, na utakuwa ndani yake upende usipende. Wahindi ndio jamii kubwa kuliko zote katika Imarati, na Wapakistani nao ni wengi mno. Supavaiza wako, dereva wa basi la kampuni, kinyozi, mwenye duka chini ya jengo, jamaa mnayelala naye chumba kimoja: karibu wote mioyo itakuwa juu. Aliyekulia Dar anaijua hali hii kupitia Simba na Yanga. Hapa inazidi, maana nyuma ya jezi kuna nchi mbili zilizogawanyika mwaka 1947 na koo zilizoachana mpakani.

Halafu kuna faida yako mwenyewe. Ugenini unaweza kufanya kazi na mtu miaka na miaka usijue hata ana watoto wangapi. Keti naye kwa mechi moja tu, utajua mji aliozaliwa, kaka yake yuko wapi, na nani alimfundisha kurusha mpira uchochoroni. Kesho yake kazini atakuita kwa jina.

Na hilo la "si mchezo wetu" lina majibu yake. Tazama sehemu ya Afrika Mashariki huko chini.

Kwa nini nchi hizi mbili zinakutana Dubai badala ya kwao?

Hazijatembeleana kwa mfululizo wa mechi za wao kwa wao tangu ziara ya Pakistan nchini India iliyokwisha Januari 2013. Tangu hapo hukutana kwenye mashindano ya timu nyingi tu, na mara nyingi Imarati ndiyo inayokuwa uwanja wa kati. Pakistan yenyewe ilihamishia hapa sehemu kubwa ya mechi zake za nyumbani kwa karibu miaka kumi, baada ya basi la timu ya Sri Lanka kushambuliwa Lahore mwezi Machi 2009. Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, nalo lina makao yake Dubai tangu 2005 lilipohama London.

Ndiyo maana Champions Trophy ya 2025, mashindano ya ICC, ilikuwa na mwenyeji Pakistan, lakini India ikacheza mechi zake zote Dubai. Septemba ya mwaka huohuo, katika Kombe la Asia, wakakutana Jumapili tatu mfululizo mjini humu: tarehe 14, 21 na 28. India ilishinda zote tatu, na ya mwisho ilikuwa fainali.

Sijui sheria. Nifahamu nini kabla sijakaa?

Vitu vichache vinatosha. Kila timu ina wachezaji 11. Moja inapiga, nyingine inarusha na kudaka, kisha wanabadilishana. Ova moja ni mipira sita, na mechi ya T20 ni ova 20 kwa kila upande. Wapigaji wawili wakibadilishana ncha kwa kukimbia wanapata mkimbio mmoja. Mpira ukibingirika mpaka kwenye kamba ni mikimbio minne. Ukivuka kamba ukiwa hewani ni sita.

Mpigaji anakuwa auti mpira ukiangusha vijiti vyake, ukidakwa kabla ya kugusa chini, ukimgonga mguuni wakati ulikuwa unakwenda kwenye vijiti, au akichelewa kufika anapokimbia. Kila mpigaji anayetoka ni wiketi moja imeanguka. Wiketi kumi zikianguka, zamu ya timu hiyo imekwisha.

Sasa angalia kona ya skrini. Ukiona 120/4, ina maana mikimbio 120 na wapigaji wanne wameshatoka. Timu ya pili inapopiga, hesabu ni moja tu: mikimbio inayotakiwa dhidi ya mipira iliyobaki. Zikitakiwa 40 kwa mipira 30, watu wanaongea na chai inapita. Zikitakiwa 40 kwa mipira 18, hutasikia mtu akiagiza chochote. Ukishaweza kufuata hesabu hiyo, umeshajua kutazama kriketi. Mengine utayapata kwa jirani, na atafurahi kuulizwa.

Mbona wanahangaika sana na kurusha shilingi?

Kwa sababu anayeshinda shilingi ndiye anayechagua kupiga au kurusha kwanza, na hapa kuna umande. Usiku wa Ghuba, hasa kuanzia Oktoba, nyasi hulowa na mpira ukawa unateleza mkononi mwa mrushaji. Anayerusha wa pili anapata taabu. Katika Kombe la Dunia la T20 la 2021, mechi nyingi za Dubai zilikwenda kwa timu iliyopiga ya pili, fainali ikiwemo, ambapo Australia iliifunga New Zealand kwa wiketi nane, yaani ilifikia lengo ikiwa na wiketi nane mkononi. Kwa hiyo ukisikia mgahawa mzima unapiga kelele kabla hata mpira haujarushwa, ujue nahodha wao ameshinda shilingi.

Mechi huchukua muda gani, na huanza saa ngapi?

T20 ni kama saa tatu na nusu. Ya ova 50 ni saa nane hivi, kwa hiyo panga siku nzima. Zile za siku tano hazikuhusu kwa jioni hii.

Kombe la Asia la 2025 lilianza saa 12:30 jioni kwa saa za Dubai, muda uliosogezwa mbele kidogo kwa ajili ya joto. Champions Trophy, ambayo ni ya ova 50, ilianza saa 7 mchana. Nyumbani Afrika Mashariki mko nyuma kwa saa moja, India iko mbele ya Dubai kwa saa moja na nusu, Pakistan kwa saa moja. Kumbuka hili unapopanga kumpigia mtu wakati wa mapumziko.

## Mahali pa kutazamia

Sina tiketi. Niende wapi?

Nenda kafteria. Nasema hivi nikijua kwamba kuna hoteli zenye skrini kubwa na sofa, na wanaozipenda wazifuate. Ila kafteria ndogo ya Deira, Naif, Karama au Al Quoz ndiko mechi inakoishi. Runinga iko juu ya friji la soda. Viti vya plastiki vimetolewa mpaka kwenye kibaraza, na wanaokosa viti wanasimama barabarani wakitazama kupitia kioo. Karak, chai ya maziwa, inatoka kwenye vikombe vya karatasi, dirhamu moja au mbili. Kijana wa jikoni anakunja paratha ya yai na kuinyunyizia Chips Oman zilizovunjwavunjwa, macho yakiwa kwenye runinga na mikono ikiendelea kukunja. Wiketi ikianguka, jiko zima linatoka nje na mwiko mkononi, linatazama marudio, kisha linarudi. Anayekumbuka vibanda umiza vya nyumbani atajisikia amefika.

Kama kafteria imejaa, zunguka. Maduka ya simu, vinyozi na ofisi za mizigo siku hiyo huwasha mechi, na hakuna atakayekufukuza ukisimama kwa heshima mlangoni. Kwenye maeneo ya kambi za wafanyakazi nako mara nyingi huwekwa skrini kubwa. Muulize msimamizi wa kambi siku mbili kabla.

Nitajuaje kama sehemu ni ya Wahindi au ya Wapakistani?

Karama na Bur Dubai, hasa Meena Bazaar, ni Wahindi zaidi. Satwa, ulipo mgahawa wa Ravi unaofahamika tangu 1978, ina harufu ya Lahore. Deira na International City zimechanganyika. Menyu nayo inasema: dosa na sambar, uko kwa Wahindi wa kusini, nihari na karahi, uko kwa Wapakistani.

Ushauri wangu ni utafute palipochanganyika. Penye upande mmoja tu, timu ikizidiwa panapoa mapema na watu wanaondoka ova ya kumi na tano. Palipo na pande mbili, kila mpira una mwenye furaha.

Kuna kiingilio?

Kafteria hakuna, ila usikae saa tatu kwa kikombe kimoja. Agiza kitu kila baada ya muda, na ukiwa na mgeni mlipie. Baa na hoteli nyingi huweka kiwango cha chini cha matumizi usiku wa mechi hii, kwa hiyo piga simu uulize kwanza.

Si bora nitazame kwenye simu chumbani tu?

Utaiona mechi, lakini utaisikia kabla hujaiona. Picha ya intaneti huchelewa nyuma ya ile ya kebo au dishi, wakati mwingine kwa nusu dakika. Mrushaji wako bado anatembea kurudi alikotoka, tayari jengo la jirani limeshapiga ukelele, na wewe umeshajua. Hakuna dawa ya hilo zaidi ya kwenda walipo wenye runinga.

Ukilazimika kubaki, tumia huduma iliyolipiwa yenye haki ya kuonyesha mashindano hayo katika Imarati. Haki hizi hubadilika mashindano hadi mashindano, kwa hiyo hakiki wiki moja kabla. Viungo vya wizi hukatika ova ya mwisho, na kutumia VPN kufanya lililokatazwa ni kosa zito katika nchi hii. Walioko Tanzania, Kenya na Uganda kwa kawaida huziona mechi za ICC kupitia SuperSport.

## Adabu ya kukaa na mashabiki

Nishangilie nani?

Una uhuru ambao wao hawana. Wengi wetu humfuata rafiki: umekuja na Mhindi, unakuwa Mhindi mpaka mechi iishe. Wengine hushangilia mpira mzuri bila kujali umetoka wapi, na huo ndio ushabiki ninaoupenda mimi. Ukipiga makofi kwa sita ya Pakistan na kwa daka la India, pande zote mbili zitakusogezea kiti, maana wanajua husemi kwa kujipendekeza.

Kitu kimoja usifanye: usibadili upande kwa kufuata matokeo. Wanaona.

Naweza kuwatania kama tunavyotaniana Simba na Yanga?

Baada ya kuzoeana, ndiyo, na mtani wako awe mtu unayemfahamu. Tania mchezo. Mwambie Mhindi kuhusu tarehe 24 Oktoba 2021, hapahapa Dubai, Babar Azam na Mohammad Rizwan walipofuta mikimbio 151 bila wiketi kuanguka, Pakistan ikapata ushindi wake wa kwanza dhidi ya India katika Kombe la Dunia. Mwambie Mpakistani kuhusu Virat Kohli na mia yake, yaani mikimbio mia moja, ya tarehe 23 Februari 2025, aliyoikamilisha kwa mpira uleule uliomaliza mechi. Watakurudishia maneno, na utani utanoga.

Usiguse dini, mpaka wala jeshi. Jiepushe pia na neno lolote la kudhalilisha taifa la mtu, hata ukilisikia wao wenyewe wakilitumia kwa wao.

Hali ya kisiasa imechafuka. Je, ni salama kukaa na pande zote mbili?

Ni salama, na Dubai imelizoea jambo hili. Lakini usijifanye huoni. Mapigano ya Mei 2025 kati ya nchi hizo yaliacha jeraha. Septemba ile wachezaji wa India hawakuwapa mkono wenzao wa Pakistan, na baada ya fainali timu ya India haikupokea kombe kutoka kwa Mohsin Naqvi, rais wa Baraza la Kriketi la Asia ambaye ni pia waziri wa mambo ya ndani wa Pakistan. Watu walioketi meza moja kwa miaka walikaa kimya kwa dakika kadhaa usiku ule.

Mgeni wa Afrika Mashariki ana nafasi nzuri sana wakati kama huo, na ningependa tuitumie. Agiza chai ya meza nzima. Uliza swali la mchezo, la kweli, kwa mtu wa kila upande: ule mpira wa Kuldeep, mrushaji wa India, ulizungukaje vile? Tilak Varma, mpigaji wa India, alitulia vipi wakati wiketi tatu zimeshaanguka? Mazungumzo yatarudi yenyewe. Ukiona maneno yamepanda na hayashuki, lipa uondoke na rafiki yako. Polisi wa hapa hawasubiri ngumi zirushwe.

Naweza kurekodi shangwe na kuziweka mtandaoni?

Piga picha runinga, kikombe chako na marafiki waliokubali. Sheria ya Imarati inakataza kumpiga picha mtu bila ridhaa yake na kuisambaza, na kumtukana mtu mtandaoni ni kosa la jinai. Video ya mtu mzima anayelia kwa sababu timu yake imefungwa isitoke kwenye simu yako kabisa.

Mimi ni mwanamke na nitakuwa peke yangu. Inafaa?

Inafaa, ukichagua mahali. Kafteria za maeneo ya wafanyakazi hujaa wanaume watupu siku hiyo, na utatazamwa zaidi ya mechi. Chagua mgahawa wenye sehemu ya familia, Karama ipo mingi, au nenda na dada wawili watatu mkae meza moja. Wamama wa Kihindi na wa Kipakistani wanaijua kriketi vizuri kuliko waume zao wengi. Ukisema "dada, habari ya mchezo?" kwa lugha yoyote, umepata mwalimu wa jioni nzima.

## Ukipata tiketi

Tiketi hupatikanaje?

Kwa tovuti rasmi ya mashindano, na kwingine kokote ni kujitafutia hasara. Kwa Champions Trophy ya 2025 bei za Dubai zilianzia dirhamu 125, lakini za India na Pakistan ziliisha haraka huku watu wakiwa bado kwenye foleni ya mtandaoni. Andaa akaunti na kadi ya benki mapema, ingia kabla ya muda wa kufunguliwa, na wagaweni watu wanne kwenye simu nne. Uwanja wa Dubai unachukua watu 25,000 tu, kwa hiyo usijilaumu ukikosa.

Anayekuuzia picha ya tiketi kwa bei mara tatu pembeni ya metro, mpite.

Nifikeje, na nirudije?

Uwanja uko Dubai Sports City, na metro haifiki mlangoni. Shuka kituo cha karibu kisha panda basi au teksi. Geti hufunguliwa saa tatu kabla ya mechi. Nenda muda huo. Kuondoka ndiyo kazi: maelfu wanaita teksi dakika ileile. Tembea kwa miguu mbali kidogo na uwanja kabla ya kuita gari, au changeni dereva mmoja mnayemfahamu awasubiri. Hesabu pia muda wa metro kufungwa, usije ukaachwa stesheni.

Nini hairuhusiwi?

Fataki, leza, vitu vya chupa, miavuli mikubwa, fimbo za selfi na mabango yasiyoidhinishwa. Ukitoka hurudi ndani. Kuingia kiwanjani, kurusha kitu au kutoa matusi ya kibaguzi kunaweza kukupatia faini ya maelfu ya dirhamu na kifungo, na kwa mwenye viza ya kazi matatizo hayaishii hapo.

Sharjah nako?

Ukipata mechi yoyote Sharjah, hata ya timu ndogo, nenda. Uwanja ule, uliojengwa kwa juhudi za mfanyabiashara Abdul Rahman Bukhatir, umeandaa mechi za ova 50 nyingi kuliko uwanja mwingine wowote duniani. Hapo ndipo tarehe 18 Aprili 1986 Javed Miandad wa Pakistan alipompiga Chetan Sharma wa India sita ya mpira wa mwisho, Pakistan ikahitaji minne ikapata sita. Hapo ndipo Aprili 1998 Sachin Tendulkar alipofunga 143 dhidi ya Australia mechi iliyokatizwa na kimbunga cha mchanga, kisha siku mbili baadaye, siku aliyotimiza miaka 25, akafunga 134 na India ikachukua kombe. Mtaje Miandad mbele ya mzee wa Kihindi na umtazame uso. Miaka yote hiyo na bado.

Sharjah pombe ni marufuku kabisa, na foleni ya magari kutoka Dubai jioni ni ndefu. Toka mapema.

## Sisi wa Afrika Mashariki

Wakiniuliza nchi yangu inacheza kriketi, nijibu nini?

Jibu kwa kifua mbele. Mkenya aanze na tarehe 29 Februari 1996, Pune, nchini India: Kenya ilipata 166, kisha ikaiangusha West Indies yote kwa 93, nahodha Maurice Odumbe akichukua wiketi tatu. Halafu 2003: Collins Obuya aliibomoa Sri Lanka pale Nairobi Gymkhana kwa wiketi tano, na Kenya chini ya Steve Tikolo ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. India ndiyo iliyowatoa, Durban, tarehe 20 Machi. Wahindi wa umri wa makamo wanaikumbuka timu ile kwa majina. Mwezi uliofuata Kenya ilikuja kucheza hapa Sharjah.

Kwa Mpakistani kuna kitu kingine cha kumpa. Tarehe 4 Oktoba 1996, Nairobi, kijana Shahid Afridi alifunga mia kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, rekodi ya dunia ya wakati ule. Mwambie uwanja ule uko kwenu.

Mganda ana la karibuni zaidi. Uganda ilifuzu Kombe la Dunia la T20 la 2024, na tarehe 5 Juni kule Guyana ikaifunga Papua New Guinea. Frank Nsubuga, akiwa na miaka 43, alirusha ova zake nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Aliyefunga mingi upande wa Uganda siku hiyo, 33, alikuwa Riazat Ali Shah, mzaliwa wa Gilgit huko Pakistan, na kikosini alikuwemo Alpesh Ramjani kutoka Mumbai. Nikipata nafasi kwenye meza yenye pande mbili zilizonuniana, hiyo ndiyo hadithi ninayoitoa. Mhindi na Mpakistani walikimbia pamoja kwa ajili ya Uganda, na Waganda wakawashangilia wote kwa jina moja.

Rwanda nayo isisahaulike: wasichana wake wa chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia la 2023 Afrika Kusini na wakaifunga West Indies.

Niko Muscat, si Dubai. Majibu haya yananihusu?

Mengi, ndiyo, na saa ni ileile. Muscat ina kitu cha ziada, nyumba nyingi za Waomani wanaoongea Kiswahili ambako utakaribishwa kutazama sebuleni kwa kahawa na halua. Na Oman ina timu yake ya kujivunia. Iliandaa mechi za mwanzo za Kombe la Dunia la 2021 katika uwanja wa Al Amerat, ikaanza kwa kuifunga Papua New Guinea kwa wiketi kumi. Katika Kombe la Asia la 2025 ilifungwa na India kwa mikimbio 21 tu. Nahodha wake, Jatinder Singh, ni mzaliwa wa Punjab ya India, na wenzake kadhaa wana asili ya Pakistan.

## Hali za pekee

Mechi ikiangukia Ramadhani?

Ilitokea fainali ya Champions Trophy, tarehe 9 Machi 2025, India na New Zealand. Mechi ilianza saa 7 mchana, kwa hiyo aliyefunga alitazama zamu nzima ya kwanza akiwa na kiu, na futari ikaingia India ikiwa inafukuza. Usile wala kunywa mbele ya watu mchana. Jioni nenda na tende au sambusa za kugawa. Kwenye kafteria mashabiki wasio Waislamu huwa wanasubiri adhana pamoja na wenzao, na kwa dakika chache hakuna anayetazama skrini.

Niko zamu usiku wa mechi.

Omba kubadilishana mapema. Wahindi na Wapakistani wote watakuwa wameshaomba ruhusa, kwa hiyo wewe ndiye utakayetafutwa uwashikie zamu. Ukikubali, kubalianeni siku wanayokurudishia, na iandikwe. Kama wewe ndiye unayetaka kutazama, mshikie mwenzako zamu wakati wa Sikukuu, naye atakukumbuka.

Mikimbio ikilingana inakuwaje?

Zinachezwa ova za ziada, ova moja kila upande, anayepata mingi ameshinda. Ilitokea Dubai tarehe 26 Septemba 2025: India na Sri Lanka zote 202, India ikashinda kwenye ova ya ziada. Usiwe umeshalipa na kuondoka.

Nina watoto wadogo. Niwapeleke?

Mgahawa wa familia, sawa, wakae mbali na mlango. Uwanjani wapeleke mechi ya timu nyingine kwanza, yenye nafasi na kelele za wastani, na wawe na vifuniko vya masikio. Mechi za mchana za miezi ya joto waache nyumbani. Na jezi: wavalishe ya Kenya, Uganda au Tanzania. Kila shabiki atakayepita atasimama kuuliza, na mtoto atajifunza kujibu.